Kitabu kimoja cha picha, watoto tisini na nne: ninavyofundisha hadithi za watu wengine darasa la pili huku Newala

Naanza na kosa langu ili usilirudie. Mwaka wangu wa pili huku Newala nilipata kitabu cha picha chenye watu wa makabila mbalimbali, nikaona ndo penyewe, nikaingia nacho darasani hata sijakipitia vizuri. Nikafungua ukurasa wenye bibi wa Kimakonde, ana chale usoni na ndonya mdomoni (kile kipande cha mti kinachovaliwa mdomoni), nikaunyanyua juu wote waone. Darasa zima likaangua kicheko. Na mi Mungu anisamehe nilitabasamu pia, maana kwetu Bukoba vitu hivyo nilikuwa naviona kwenye picha tu. Kuna mtoto wa dawati la mbele akainama, hakuinua kichwa mpaka kipindi kinaisha. Baadae mwenzangu wa ofisini ndo ananiambia yule anaishi na bibi yake, na bibi ana chale vilevile uso mzima. Yaani nimemchukua bibi wa mtu nikamleta achekwe na watoto tisini na nne, halafu kwenye andalio la somo nimeandika lengo ni wanafunzi waheshimu tamaduni za wengine.

Haya ya chini nimeyaokota kidogokidogo tangu siku ile. Kama we ni mwalimu wa madarasa ya chini, Mtwara au Lindi au popote, chukua kinachokufaa.

Hatua ya 1: jua darasani kwako kuna akina nani

Usiwasimamishe mmojammoja kuuliza kabila, hiyo inageuka mashindano dakika mbili tu. Mi nauliza vitu vya nyumbani: jana usiku mmekula nini, bibi mnamwitaje, mdogo wako akilia mama anamwimbia wimbo gani. Ndani ya wiki unakuwa na picha nzima. Huku kwetu wengi ni Wamakonde lakini kuna Wayao, Wamakua waliotokea Masasi na Nanyumbu, Wamwera wa kutoka Ruangwa na Nachingwea, kuna watoto wa watumishi kama mimi tuliopangiwa kutoka mbali, na ukienda vijiji vya Lindi utakuta Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao. Rafiki yangu anayefundisha karibu na mjini Mtwara ana watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji na wa mambo ya gesi, kwake ni Tanzania nzima imekaa kwenye madawati.

Halafu kuna jambo la mpakani ambalo ukiwa mgeni hulijui. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukaangalia bondeni, Ruvuma ile pale na ng'ambo ni Msumbiji, na ng'ambo kuna Wamakonde vilevile. Ila mtoto mwenye ndugu za ng'ambo anaweza kuitwa Mmawia, na kwa namna linavyotamkwa pale uwanjani ujue ni tusi. Usisubiri kitabu kilitoe hilo. Lisikilize mapema, jua linamlenga nani.

Hatua ya 2: tafuta vitabu, na usiseme hakuna

Vipo. Kwanza angalia kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, usicheke, shule nyingi za Mtwara zilipata vitabu vidogo vya hadithi enzi za mradi wa Tusome Pamoja na vingine bado vimefungwa kamba vilevile kama vilivyokuja. Pili simu yako. Kuna African Storybook ya kutoka Afrika Kusini, wana hadithi za picha za nchi nyingi za Afrika na za Kiswahili zipo za kutosha, bure, na leseni yake inaruhusu kuchapisha na hata kubadilisha maneno. Kuna StoryWeaver ya Pratham Books wa India, huko unapata watoto wa Kihindi wakienda sokoni, wakipanda treni, wakigombana na dada zao, na baadhi zimeshatafsiriwa Kiswahili. Unashusha ukiwa sehemu yenye netiweki unakaa nazo, bando halikusumbui tena.

Kuchapisha ndo kunauma. Huwa natoa nakala moja tu ya rangi nikienda mjini, nyingine nyeusi na nyeupe. Na kabla hujaingia nacho darasani kipitishe kwa mwalimu mkuu, vitabu vya ziada vina utaratibu wake wa ithibati na mwaka 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, sasa usije ukaulizwa umekitoa wapi ukabaki unajiumauma.

Hatua ya 3: kisome peke yako, halafu kipeleke kwa wenyewe

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Kitabu kuwa na watu wa makabila mengi haitoshi. Mi naangalia vitu vichache.

Je, huyo mtu wa mbali ana jina? Utakuta mtoto wa mjini anaitwa jina lake vizuri, halafu anatokea "Mmasai mmoja" na ng'ombe wake, kapita, basi. Huyo Mmasai hana mama? Hana njaa? Je, anafanya jambo au amesimamishwa tu na nguo za ngoma kama yuko kwenye kalenda? Na mtu wa kabila fulani anachorwa wa leo au wa zamani tu? Maana Mmakonde kwenye vitabu vingi anachonga kinyago na kucheza sindimba, sawa, anachonga na anacheza, lakini pia anaendesha bodaboda, ana shamba la mikorosho, anagombana na chama cha msingi cha ushirika kuhusu malipo yake. Kuna mtoto mmoja darasani kwangu baba yake ni fundi simu. Akifungua kitabu akakuta kabila lake lote linachonga vinyago atashangaa, au vibaya zaidi hatashangaa.

Angalia pia vitu vyenye miiko. Huku ukiwa na picha ya lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago, na picha inaonyesha mtu anakivaa, we umeshaharibu, wapo wanaoamini watoto na wanawake hawatakiwi kujua nani yuko ndani. Mambo ya jando na unyago ndo usiguse kabisa bila kuongea na wazee, watoto wako wengine wameshaenda na wameambiwa wasiseme, we unawauliza mbele za watu walifanya nini huko, unamweka mtoto pabaya. Na kama kuna nguruwe kwenye hadithi, darasa langu wengi ni Waislamu, sikitupi kitabu ila najiandaa, nasema mapema kwenye familia hii wanafuga nguruwe, familia zingine hawafugi wala hawali, tuendelee.

Sasa hiyo ya kupeleka kwa wenyewe. Nilikaa na aibu yangu karibu muhula mzima halafu nikaenda kumwomba radhi yule bibi. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda, nikaeleza. Akataka aone kitabu. Nikampa. Akakiangalia, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akasema mwalimu, huyu aliyechora hajawahi kuona ndonya, ndonya inakaa mdomo wa juu, huyu kamwekea wa chini. Na kweli. Mi nina stashahada ya ualimu, nimekishika kile kitabu mara ngapi, sikuona. Tangu hapo kila kitabu chenye mtu wa huku lazima nimwonyeshe mzee mmoja kwanza, na chenye mtu wa kwingine namtafuta mtumishi wa kule. Daktari wa zahanati Mnyakyusa, polisi Mkurya, wapo, uliza. Nusu saa tu na soda.

Hatua ya 4: anza na kitabu ambacho watajiona wao

Kuna mwalimu mstaafu wa chuo kikuu Marekani anaitwa Rudine Sims Bishop, mwaka 1990 aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo, mtoto anajiona mwenyewe, au dirisha, anaona wengine, au ule mlango wa kioo wa kusukuma, anaingia mwenyewe kwenye ile dunia. Yeye alikuwa anaongelea watoto weusi wa kule kwao ambao vitabu vingi vilikuwa havina sura zao. Huku shida ni ileile ila imegeuka kidogo, watoto wetu wanaona watoto weusi kwenye kitabu sawa, ila ni watoto wa Dar wenye geti na gari.

Kwa hiyo wiki za kwanza mbili tatu nasoma za kwetu tu. Mtoto anaokota korosho, anatengua bibo pembeni, mama anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini. Wakishazoea kujiona bila kuchekana ndo nafungua dirisha, na dirisha la kwanza naliweka karibu: mtoto wa Kimakonde wa Kenya. Wanashtuka! Kumbe wapo? Wapo, babu zao walienda enzi za ukoloni kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa upande wa Pwani kule, wakakaa miaka na miaka bila uraia, mpaka mwaka 2017 ndo wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Hilo sina kitabu chake, nimechora mwenyewe kurasa sita kwenye manila, michoro mibaya kweli, ila wanakiomba kuliko vyote.

Mwalimu wa Lindi we una bahati zaidi. Tafuta kitabu chochote cha dinosauri, hivi vya kizungu vyenye watoto wameenda makumbusho wanashangaa mifupa. Waambie dinosauri mmoja mkubwa kabisa aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin alitoka Tendaguru, hapo Lindi. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu mpaka Lindi mjini ikapanda meli. Kimo chake ni kama mita 13, toka nao nje upime kamba mita 13, walaze watoto mmoja nyuma ya mwingine, watafika kama kumi na moja hivi. Baada ya hapo wale watoto wa Kijerumani kwenye picha sio wageni tena, ni watu wanaoangalia kitu chetu.

Hatua ya 5: somesha picha kabla ya maneno

Una kitabu kimoja na watoto tisini. Ukisimama mbele ukakipeperusha wanaoona ni kumi. Ninavyofanya, nagawa darasa mara tatu. Thelathini wanakaa chini kwenye mkeka mbele yangu, wengine wanaandika, kesho zamu inazunguka. Kipindi ni dakika thelathini, usijidanganye utamaliza kitabu, kurasa nne zinatosha. Mwenye projekta hongera, mi sina.

Naziba maneno kwa karatasi. Nashika kitabu usawa wa kifua, nakaa kimya. Kimya kweli, hesabu mpaka ishirini moyoni, ni ngumu kwa sisi walimu tuliozoea kuongea. Halafu swali ni moja tu: unaona nini? Anayejibu aanze na "naona". Naona mama. Naona ndoo. Naona mguu hauna kiatu. Akisema "naona masikini" namrudisha, masikini haonekani kwa macho, umeona nini mpaka ukasema hivyo? Anasema nguo imechanika. Sawa, hiyo tunaiona. Na we nguo yako ya shambani? Imechanika pia madam. Basi tunaendelea.

Baada ya "naona" inakuja "nadhani", na mwisho "najiuliza". Zile za "najiuliza" naziandika ubaoni zote hata za ajabu, maana hizo ndo zitatufanya tusome maneno.

Theluji, nisisahau. Ukurasa ulikuwa na mtoto anacheza kwenye theluji, nikauliza wanaona nini, mmoja akasema unga wa muhogo umemwagika. Sikumsahihisha haraka. Nikauliza mngemwaga unga wote huo mama angefanyaje, wakacheka, tukafungua maneno, tukakuta ni baridi, ni maji. Nikawaambia hata juu ya Kilimanjaro ipo. Usihangaike kueleza kila kitu kigeni kabla hawajakiona, utaua hamu.

Hatua ya 6: kicheko

Watacheka. Ukiwakataza watacheka mezani chini kwa chini na shule nzima itajua. Sheria yetu ukutani imeandikwa hivi: ukicheka, tuambie umeona nini. Basi. Anayecheka anasimama, anataja alichokiona kwa "naona", na mara nyingi akishataja kile kitu kinakuwa cha kawaida tu, kicheko kinaisha chenyewe.

Kikikataa kuisha natumia senene. Nikitoka likizo ya Desemba nakuja na senene za kukaanga kutoka nyumbani, na nina hadithi fupi ya mtoto wa Bukoba anakamata senene usiku kwenye taa. Darasa linafanya iiii, madam anakula panzi! Nawaacha. Halafu nauliza taratibu, kumbikumbi mvua ikinyesha mnawafanyaje? Kimya. Mmoja anasema tunakula. Panya je, wale wa shambani? Hapo wanaangaliana, wengine wanaficha uso, maana wanajua watu wa mikoa mingine wanawatania kwa hilo. Nasema basi mi nimeshasema changu. Napitisha senene, anayetaka anaonja, asiyetaka hapewi maneno. Mwaka juzi walinimalizia kopo lote na hakubaki wa kusema iiii.

Ila angalia, utani na dharau vinafanana kwa mbali. Huku watu wana utani wao wa makabila na una adabu zake, mtu mzima anajua amtanie nani na asimtanie nani. Mtoto wa miaka nane hajui bado. Kama anayechekwa yuko peke yake darasani, mfano mtoto mmoja tu wa Kisukuma, usiruhusu kitabu cha Wasukuma kiwe siku yake ya kuulizwa maswali. Asigeuzwe mwalimu wa kabila lake. Akitaka kusema atasema, na ukimwona anacheza na kifungo cha shati mwache.

Hatua ya 7: watunge chao

Vitabu vya kununua vitaisha, vya kutengeneza haviishi. Karatasi nne za A4, zipange, zikunje katikati, unapata kurasa kumi na sita, shona pale kwenye mkunjo kwa sindano na uzi kama huna stepla ndefu. Jalada ni manila au hata ule mfuko wa saruji, upande wa ndani ni msafi.

Mada usiwape "utamaduni wangu", watakuchorea nyumba ya nyasi na mwezi. Wape kitu kidogo: asubuhi kwetu, kabla sijafika shule. Kuna mtoto alichora kurasa tatu za foleni ya ndoo bombani, na huku juu kwenye uwanda maji ni kazi kweli, akafuatia ukurasa wa nne amechelewa kuhesabiwa namba shuleni. Nilijifunza kitu, nikaacha kuwachapa wachelewaji. Mwingine alimleta babu yake wa ng'ambo ya mto, kachora mtumbwi, juu kaandika babu anaongea Kimakonde kama sisi na Kireno. Kile kitabu kilisomwa mpaka jalada likachanika, na lile neno la Mmawia sijalisikia tena darasani kwangu, uwanjani bado bado.

Ukipata mzee wa kuja kusimulia mkaribishe, mmoja aseme, we andika, watoto wachore. Anza na paukwa, wao wanajua kuitika. Yule bibi wa chale amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alisema mwenyewe kwa nini alichanjwa na aliumia kiasi gani, watoto wakamuuliza maswali ya "najiuliza" mpaka kengele ikagonga, na mjukuu wake siku hiyo ndo alikuwa anashika kitabu.

Vidogo vya mwisho

Panga haya yaishe kabla ya Oktoba. Msimu wa korosho ukianza mahudhurio yanashuka, watoto wako mashambani na wazazi, utajikuta unasomea madawati.

Vitabu usiviweke chini hata usiku mmoja, mchwa wa huku hawana dini. Mi navining'iniza kwenye kamba ukutani kwa vibanio vya nguo, vikiwa vimeviringishwa nailoni. Na mabibo yakianza kuiva weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, mtoto anawe kwanza ndo ashike, maji ya bibo yakidondokea ukurasa hayatoki tena.